Nafasi ya Kiganja Kati ya Mapaa

Nasike aliingia uwanjani kwangu akiwa na futi ya fundi cherehani shingoni, akaanza kupima mabati kama anayempima mtu suruali. Alivuta bati moja, akaliinua kuelekea jua kutafuta matundu, akalirudisha, akavuta lingine. Mimi huuza vitu vya nyumba zilizobomolewa: mabati, milango, madirisha, mbao, hata masinki. Uwanja wangu uko Kawangware, upande wa kuelekea Riruta, na biashara hiyo imenifundisha kwamba mteja anayetafuta matundu kabla ya kuuliza bei ni wa kuchungwa.

"Niaje, mama," nikamwambia. "Unaishonea nyumba koti?"

"Poa. Hili bati limetoka wapi?"

"Kwa nyumba ya mzungu, Lavington."

"Mzungu gani huyo alikuwa na kuku wengi hivi? Si unaona mavi bado yameshika."

Nikacheka, maana kweli lilikuwa la banda la kuku. Tukaanza kuvutana. Alipoona bei haishuki, aliacha kuitaja, akaanza kuomba vya kuongezewa: bawaba za mlango, kisha dirisha dogo lenye wavu, kisha misumari ya kichwa kipana. Alikuwa anaomba kwa upole kama mtu anayesahau vitu na kuvikumbuka. Tulipofika mwisho, nilikuwa nimelinda bei yangu na yeye amebeba nusu ya duka. Nikamheshimu.

"Ni chumba cha nani hicho?" nikamuuliza.

"Cha mama. Mgonjwa wa figo. Ametoka Bungoma kuja kusafishwa damu hapa hospitali kubwa."

"Unakishikanisha na nyumba yako?"

"Hapana. Kitasimama peke yake."

"Ukikishikanisha utaokoa ukuta mzima. Kuta tatu badala ya nne."

"Mama Ndunge," akasema, na nikashangaa kuwa tayari anajua naitwa nani, "huo ukuta wa nne ndio ninaoutaka."

Sikuelewa, na sikuuliza. Mtu akitaka kununua ukuta zaidi, mimi ni nani nimkataze?

Nasike alikuwa anashona sare za shule kwenye veranda ya duka la mtu. Yeye na mumewe Lusweti, mpakiaji wa magunia kwenye godauni Industrial Area, walikuwa wamefanya kitu ambacho wapangaji wengi wa huku huishia kukiota tu: walinunua kipande cha ploti, kidogo cha kutosha nyumba na kamba ya nguo, na hati yake wakaipata. Wakajenga nyumba ya mawe ya vyumba viwili. Kimoja chao, kingine cha mabinti zao. Mahali pa kujenga kitu kingine palikuwa pembeni tu, kati ya ukuta wa nyumba na ukuta wa jirani.

Mama yake, ambaye wote walimwita Mama Khisa kwa jina la kifungua mimba wake, alikuwa amewekwa Kibera, Kambi Muru, kwa Lavender, mdogo wake Nasike. Lavender alikuwa na chumba kimoja cha kupanga, mumewe akifanya kazi Naivasha kwenye mashamba ya maua. Siku za hospitali walimpandisha mama kilima kwa kumbeba mgongoni hadi barabarani, na jioni kumteremsha vilevile. Nasike alikuwa akifunga cherehani Kawangware na kukimbilia Kibera kumwogesha mama, halafu anarudi kupikia watoto. Alikonda hadi futi yake ikawa inamzunguka mara mbili.

Kisha Naivasha wakapunguza watu, na mume wa Lavender akapiga simu kwamba anarudi nyumbani. Hapo ndipo Nasike alipokuja kununua mabati.

Sasa, kosa lake lilikuwa hili. Huko Kambi Muru alikuwa amemwona mwenye nyumba wa Lavender, mama mmoja Mnubi anayeitwa Kaltuma, akiongeza vyumba. Kaltuma alimwita mzee wa kijiji, akaenda kwa chifu, wakaongea, wakanywa chai, majirani wakaitwa kushuhudia mpaka uko wapi. Wiki hiyohiyo mafundi wakapanda juu. Nasike akaona hiyo ndiyo njia ya watu wenye adabu. Basi akamtuma Lusweti kwa mzee wa mtaa wetu na kwa chifu wetu, na soda, na majirani wawili. Wote wakasema sawa, mama mgonjwa ni mama wa kila mtu. Lusweti akarudi akichekelea. Wakaanza kujenga.

Kuta zilipofika kiunoni, wakaguzi wa kaunti walipita. Walipoondoka, ukuta ulikuwa na alama kubwa ya X ya rangi nyekundu na amri ya kusimamisha kazi.

Nasike alikuja kwangu siku hiyo bila futi.

"Rudisha mabati yako," akasema. "Na mlango."

"Mabati yakitoka hapa hayarudi. Yameolewa."

"Mama Ndunge, nisikize. Shemeji anafika mwisho wa mwezi ujao. Mama hana mahali. Kila mahali nikiulizia chumba cha kupanga, mwenye nyumba akimwona mama ananiambia kimechukuliwa. Hawataki mtu wa kuwafia ndani. Na hata wakikubali, geti linafungwa usiku, nani atamsikia akianguka?"

Alisema haya yote akiwa amesimama wima, bila kulia, na ndiyo maana nilimsikiliza. Mtu anayelia anataka umwonee huruma. Huyu alitaka kitu cha kufanya.

"Ulichukua ruhusa?" nikamuuliza.

"Kwa chifu. Na mzee wa mtaa."

"Nasike. Chifu si wa kuta. Hapa una hati, na mwenye hati ana ramani, na ramani lazima ipitishwe. Kibera wanajenga kwa mdomo kwa sababu ardhi yenyewe imekuwa ya mdomo tangu babu zao. Wewe umenunua karatasi, sasa karatasi zinakudai karatasi nyingine."

"Wewe unajua njia?"

"Najua. Na nitakupeleka. Lakini mimi nina uwanja, mvua inakuja, na mbao zangu zinaoza. Utanishonea maturubai. Nina mabango ya matangazo ya plastiki, makubwa, yaliyoshushwa barabarani. Utayaunganisha hadi yafunike uwanja wote."

"Uwanja wote?"

"Na choo."

"Uzi ni wako," akasema.

"Uzi ni wangu."

Nikamwita Elvis, kijana anayechora ramani za nyumba na kuzipeleka kwa msanifu mwenye leseni azitie muhuri. Alikuja na kompyuta yake, akapima mahali, akakuna kichwa.

"Mathe, iko hivi," akamwambia Nasike. "Ukitaka chumba kisimame peke yake, hiyo ni nyumba ya pili. Ploti yako haitoshi nyumba mbili. Hapa kwa jirani hakuna nafasi ya kuacha, moto ukitokea gari halipiti, hata mtu hapiti. Watakataa kabla sijafunga mlango wao. Lakini ukikishikanisha na nyumba, paa moja, hiyo ni nyongeza tu. Dirisha liwe na upana wake, maji yawe na njia yake, inapita."

"Paa moja haliwezekani."

"Kwa nini? Ni rahisi hata."

"Huwezi kutupelekea hivyo hivyo? Vinakaribiana sana, nani atajua?"

"Mathe, hapa si Kibera. Hapa ukiweka jiwe, hata satelaiti inakusalimia."

Akatoka kuvuta sigara. Nikamgeukia Nasike, nikamwambia aseme.

Akasema. Kwao, mama mkwe na mkwe hawalali chini ya paa moja. Hawashikani mikono, hawali sahani moja, hawatazamani usoni, na paa ndilo kubwa kuliko yote. Mwiko huo ukivunjwa, halipi aliyeuvunja, wanalipa watoto. Ndiyo sababu mume wa Lavender akifika, mama lazima atoke, hata kama ni saa ya mvua. Ndiyo sababu ya ukuta wa nne.

Nami ni Mkamba. Hata sisi tuna aibu ya ukwe, lakini mji umetulegeza. Nimeona mama mkwe na mkwe wakigawana blanketi kwa sababu ya kodi. Nikamwambia hivyo.

"Nimwambie mama hivyo?" akajibu. "Mwambie wewe."

Kwa hiyo tulifanya alivyotaka yeye. Kwenye ramani peke yake mapaa yakashikana. Elvis akapeleka, tukangoja. Elvis akarudishiwa ramani kwa ajili ya dirisha, akalipanua, akapeleka tena. Tukangoja zaidi. Mimi nilikuwa naulizia kila asubuhi, kwa kuwa nusu ya uwanja wangu ilikuwa bado wazi na Nasike alikuwa ananishonea kipande kwa kipande kulingana na hatua ilipofika. Hakunipa hata mshono mmoja kabla ya habari. Hatimaye kibali kikatoka. Lusweti akafuta ile X kwa brashi ya waya mpaka mikono ikatoka damu, na mafundi wakarudi kazini.

Fundi alipofika juu, Nasike alimwambia aache nafasi kati ya paa la nyumba na paa la chumba. Nafasi ya kiganja cha mkono, wala si zaidi. Ukisimama mbele huoni kitu, kwa kuwa alifunika kwa ubao wa mbele uliopita moja kwa moja. Ukijipenyeza kwenye upenyo mwembamba uliobaki chini, kati ya ukuta wa nyumba na wa chumba, na kuinua macho, unaona mbingu, nyembamba kama utepe.

"Kwenye karatasi yashikane," Nasike akaniambia, "na juu yaachane. Mungu anaona kutoka juu."

"Na mkaguzi?"

"Mkaguzi anaona kutoka mbele."

Mkaguzi aliyekuja kuangalia kazi iliyomalizika aliitwa Apiyo. Mwanamke mnene kidogo, viatu vya matope, kalamu sikioni. Aliangalia dirisha, akaridhika. Akaangalia njia ya maji, akaridhika. Kisha, kama mtu aliyetumwa, akajiingiza kwa ubavu katika ule upenyo na kuinua macho. Alikaa huko muda mrefu.

Alipotoka aliuliza: "Haya ni mapaa mangapi?"

"Madam," nikasema, "inategemea nani anauliza."

Hakucheka. Alimwangalia Nasike. "Nani atalala humu?"

"Mama yangu."

Apiyo akavuta pumzi. "Mimi ni Mjaluo," akasema. "Mama yangu hajawahi kulala kwangu hata siku moja. Akija Nairobi analala kwa rafiki yangu, Umoja. Kwa hiyo usinieleze, dadangu. Nimeelewa tangu nilipoona ule mwanga."

"Basi tusaidie," Nasike akasema. Na sasa sauti yake ilivunjika, mara ya kwanza. "Si unaelewa? Tusaidie."

"Nikisaini hivi, hii ni nyumba ya pili bila nafasi. Moto ukianza kwako unaingia kwa jirani, na jina langu liko chini. Nilishawahi kutembea kwenye jivu la watu, siwezi tena. Funga hilo pengo, paa liwe moja, ukuta wa katikati ubaki mzima, nitasaini. Usipofunga, chumba kinashuka. Nitarudi Ijumaa."

Nilijaribu. Nikamwambia mama ni mgonjwa, nikamwambia ni mwezi tu, miezi miwili. Nikamwambia angalau aje Ijumaa ya mbele. Mimi hujua uso wa mtu anayengoja kuongezewa kitu, na huo haukuwa uso huo. Alifuta matope kwenye jiwe akaenda zake.

Siku ya kufunga pengo ndiyo siku mume wa Lavender alifika kutoka Naivasha. Hayo hayakupangwa na mtu. Mchana fundi alikuwa juu na misumari, na gari la kukodi likasimama nje, Lavender ndani yake amemshika mama yake kama mzigo wa vyombo. Wakamteremsha. Miguu yake ilikuwa imevimba, imeng'aa. Wakamweka kwenye kigoda uani, wakamfunika leso.

Mama Khisa aliangalia juu. Alisikia nyundo. Akaona bati la chumba chake likipigwa msumari kwenye bati la mkwewe.

"Nasike," akasema, "mwambie huyo mtu ashuke."

"Mama, ni lazima. Serikali imesema."

"Serikali imeoa kwangu?"

Nasike akamvutia leso mabegani.

"Nirudisheni Kibera."

"Shemeji amefika, mama."

"Basi nirudisheni Bungoma."

"Huko nani atakusafisha damu? Mama, utakufa."

"Nitakufa hata hapa. Lakini sitakufa nikiwa nimewaua watoto wako. Mimi siingii humo."

Wingu lilikuwa limejaa upande wa Ngong. Wale mabinti wawili walisimama mlangoni wakiangalia bibi yao ambaye haingii. Nasike alipiga magoti kwenye matope mbele ya mama yake, na akaanza kusema kwa lugha yao, haraka haraka, sikuelewa hata neno, ila najua sauti ya mtu ambaye hana tena cha kuongeza juu ya meza. Mama alikuwa anatikisa kichwa. Fundi juu aliniuliza kwa macho: niendelee? Nikamwambia kwa mkono: ngoja. Matone ya kwanza yakaanguka.

Lusweti alikuwa nje ya geti. Alikuwa amerudi kutoka kazini, akaona mama mkwe wake yuko uani, na kwa kuwa hawezi kupita mbele yake, akabaki barabarani amegeuza mgongo. Mwanamume mkubwa, mpakiaji wa magunia, amesimama nje ya nyumba yake mwenyewe kama mtu anayeuza mayai. Kutoka huko akapaza sauti, bila kugeuka:

"Mama Bridgit!" Ndivyo alivyomwita mkewe. "Mwambie mama aingie. Mimi ndiye nitatoka."

Nasike akanyanyuka. "Utoke uende wapi?"

"Popote. Nisipolala humo, paa ni la kwake."

"Lusweti, mwanamume hatoki nyumba yake aliyojenga."

"Ndiyo natoka."

Mimi nilikuwa nimelowa, na biashara ni biashara. Nikaenda getini.

"Lusweti, mwezi uliopita wameniibia milango. Nataka mlinzi wa usiku. Mahali pa kulala papo, pembeni kwa mbao, pakavu."

"Pakavu kwa nini?"

"Kwa maturubai ya mke wako."

Akafikiri. "Chai asubuhi," akasema, bado amegeuza mgongo.

"Chai asubuhi."

"Na mkate. Na godauni siachi. Nitalinda usiku, mchana naenda kazini."

"Utalala saa ngapi?"

"Hiyo ni shida yangu."

"Sawa. Kitanda chako njoo nacho."

Hilo la kitanda nilisema kwa ubahili tu, maana vitanda sina. Lakini Nasike aliposikia alishtuka, akamwambia mama yake kitu, na mama akainua kichwa. Ikawa ndilo lililomaliza. Kitanda cha mkwe kikitoka, na mwenyewe akikitoa kwa mikono yake, basi nyumba haina mkwe.

Mama Khisa alijifunika leso uso mzima. Lusweti akaingia akiwa ameinamisha macho, akapita pembeni ya ukuta, akaingia ndani. Tulimsikia akifungua nati. Akatoka na mbao za kichwa na za miguu begani, godoro likiwa limekunjwa juu ya kichwa, akapita mbele ya yule mama aliyefunikwa, mvua ikiwanyeshea wote wawili. Alipovuka geti, Nasike alimwambia fundi: "Piga."

Mama aliingia nyundo ikilia juu yake.

Ijumaa Apiyo alirudi. Akajibana penye upenyo, akainua macho, akaona bati. Akasaini. Wakati wa kuondoka aliuliza, "Mwenye nyumba yuko wapi?" Nasike akasema yuko kazini. Apiyo akaangalia chumba cha kulala kupitia mlangoni, akaona sakafu tupu na godoro moja la kuazima. Akarudisha kalamu sikioni, akaenda.

Mama Khisa alilala kwenye chumba chake muda ambao madaktari walikuwa wamekadiria, pengine na nusu yake juu. Nasike alihamishia cherehani humo, akawa anashona akimwangalia. Maturubai yangu ya mwisho yalishonwa kando ya kitanda hicho, na mama akimwambia mishono gani imepinda. Alifia mikononi mwa binti yake, mchana, mlango ukiwa wazi. Walimpeleka Bungoma.

Nilidhani kitanda kitarudi wiki hiyohiyo, nikaanza kutafuta mlinzi mwingine. Kumbe sivyo. Mama mkwe akifia chini ya paa la mkwe, mkwe harudi chini ya paa hilo mpaka nyumba isafishwe kimila, na msafishaji lazima awe mtoto wa kwanza wa marehemu, akiwa na kondoo wa zizi lake. Huyo ni Khisa. Nasike ana kibali cha serikali chenye muhuri. Sasa anangoja kibali cha kaka yake. Khisa alisema atakuja baada ya mavuno. Baadaye akasema baada ya ada za shule. Siku hizi simu inaita tu.

Nilimwambia Nasike nitamtafutia kondoo soko la Dagoretti, mzuri, nami ndiye nitakayepatana bei yake. Akaniambia kondoo wa sokoni hasafishi kitu. Nikamwambia nitamlipia Khisa nauli. Akaniambia Khisa hajakosa nauli.

Hivyo ndivyo ilivyo hadi leo. Nasike alipata kumshika mama yake, na ana chumba ambacho hakuna mtu anayeweza kukibomoa. Mimi sijaibiwa hata bawaba. Jioni Nasike huja na sufuria ya ugali na mboga imefungwa kwa kitambaa, wanakula pamoja penye mbao, wanaongea mambo ya watoto, kisha yeye anafunga sufuria na kurudi nyumbani peke yake. Lusweti huzunguka uwanja mara moja na tochi. Halafu anajilaza kwenye kile kitanda chake, chini ya turubai alilolishona mkewe.